Miaka Minane ya Kumwogopa Nzi Mmoja

Saa moja kasoro robo asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na minane amesimama mbele ya mlango wa chumba chake cha kazi, ufunguo mkononi, na hafungui.

Anasogeza sikio kwenye mbao za mlango. Ndani kuna mvumo wa mashine ya kupasha joto, basi. Anachomeka ufunguo, anauchomoa tena, anaufuta kwenye sketi.

"Samahani," anamwambia mwandishi. "Kila asubuhi huwa naogopa kidogo kufungua hapa. Leo naogopa sana."

Anayesema hivyo ni profesa. Amesimamia shahada za watu ambao leo nao ni maprofesa, na ana makabati mawili ya vyeti ambavyo hajapata nafasi ya kuvitundika. Hapa chuoni wanafunzi wanamwita Mama Nzi, wakidhani hajui. Anajua, na wakijisahau wakamwita hivyo usoni, anaitika.

Kazi yake ni kuchunguza vinasaba na mageuzi: jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi, na ni nini ndani ya miili yao kinachobadilika. Wenzake wengine katika fani hiyo huchimba mifupa ya kale. Yeye analea nzi.

Si wale nzi wakubwa wa jalalani. Ni wale wadogo kama punje ya ufuta wanaozunguka ndizi iliyoiva kupita kiasi, ambao wewe na mimi tunawapunga kwa mkono bila hata kuwatazama. Mlango unapofunguka hatimaye, harufu ya hamira na molasi inatupokea, na joto linatukumba usoni. Profesa anakwenda moja kwa moja kwenye kipimajoto cha ukutani.

"Nyuzi ishirini na tano," anasoma. Anagusa kioo kwa kidole, kana kwamba mshale unaweza kuwa unamdanganya. "Haya. Mpaka hapo tuko salama."

Kabla ya kugusa chochote anavua sweta, anakung'uta mikono ya koti lake jeupe, anapitisha vidole kwenye nywele. Mwandishi naye anakaguliwa kola, mifuko, hata kalamu. Nzi mmoja anaweza kusafiri kwenye mkunjo wa nguo.

"Usione vibaya," anasema fundi wa maabara, mwanamume mnene mwenye sauti ya taratibu, ambaye wote wanamwita Pamba kwa sababu ndiye anayeviringa vizibo vya pamba vya chupa zote. "Mimi ananikagua mwaka wa kumi na tisa huu. Askari wa mpakani ana afadhali, yeye akishakuzoea anakupitisha."

Hapo ndipo mimi mwandishi nilipocheka. Nakiri kwamba nilikuja na kicheko changu tayari. Mhariri alikuwa ameagiza habari nyepesi ya ukurasa wa wikiendi: mwanamke anayelea nzi, picha moja ya kuchekesha, maneno machache, kwisha. Siku mbili kabla, profesa alinipigia simu kuniomba niahirishe. Nikamwambia gazeti halisubiri mtu. Akasema, "Basi njoo. Ila usije ukasema sikukuambia."

Katika rafu za chumba hiki kuna familia kumi za nzi, na zote zilitoka kwenye kikapu kimoja cha matunda miaka kumi na tisa iliyopita. Tano zinaitwa Vijana. Hizi huzalishwa upesi upesi: nzi wakitimiza wiki mbili, mayai yao yanachukuliwa kuanzisha kizazi kipya, na wazazi kazi yao imekwisha. Tano nyingine zinaitwa Wazee. Hizi mayai yao huchukuliwa tu kwa nzi waliofika wiki ya kumi wakiwa hai. Aliyekufa kabla ya hapo hakuacha kitu.

Fanya hivyo miaka kumi na tisa bila kukosa hata mara moja, na utaona ajabu. Vijana wamepita vizazi karibu mia tano, na wanakufa mapema. Wazee wamepita vizazi mia kasoro viwili vitatu, na wanaishi karibu maradufu. Hakuna dawa waliyopewa, wala chakula cha pekee. Uzee wenyewe umesogezwa mbele, kwa subira tu.

"Kazi hii haina likizo," anasema Pamba. "Wiki mbili zikifika, zimefika. Hawajui kwamba kuna msiba, hawajui kwamba una homa."

Profesa anajua. Katika miaka yote hiyo hajawahi kulala nje ya mji huu zaidi ya siku kumi na tatu. Baba yake alipofariki, taarifa ilimfikia asubuhi ya siku ya kuhamisha Vijana. Alihamisha kwanza. Alipofika, alikuta kaburi limeshafukiwa na watu wanakunja mikeka.

"Sikumsamehe mwaka mzima," anasema mama yake, bibi wa miaka themanini na mmoja anayeishi naye, ambaye mwandishi alimtembelea nyumbani juzi mchana. "Nilimwambia, nzi kufia juu ya kidonda si haramu, sawa, lakini wewe ni mtu! Unakufa na nzi kwa sababu gani?"

Bibi huyo ni mwembamba, haoni vizuri, lakini ulimi wake haujaota kutu. Alipoulizwa kama anaielewa kazi ya binti yake, aligeuza macho juu.

"Anawaongezea nzi umri. Mimi mama yake magoti yananiua, hajaniongezea hata siku moja. Ungekuwa wewe ungeielewa?"

Kisha akapunguza sauti, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. "Ila siku hizi ana jambo. Chakula anakizungusha kwenye sahani tu. Nikimwita anashtuka kama mwizi. Muulize wewe, labda mgeni atamwambia."

Jambo lenyewe lilianza wiki tatu zilizopita, na aliyeliona kwanza ni mwanafunzi wake wa shahada ya uzamivu, mama wa watoto wawili, mpole, mwenye daftari lililopigwa mistari kwa rula hata pale ambapo hapakuhitaji mistari.

Mwanafunzi huyu alikuwa anapima umri wa familia namba tatu ya Vijana. Kipimo hiki hufanywa mara chache sana kwa sababu kinamla mtu miezi: unatenga nzi mia mbili kwenye mirija, kumi kumi, kila baada ya siku mbili unawahamishia kwenye chakula kipya na kuhesabu waliokufa. Mara ya mwisho kilifanywa miaka tisa iliyopita. Katika vipimo vyote vya nyuma, hakuna Kijana hata mmoja aliyewahi kuvuka siku ya sitini na moja.

Siku ya sabini na nne, mwanafunzi alikuta nzi kumi na mmoja wakitembea.

"Nilihesabu mara nne," anasema. "Nikafikiri nimechanganya mirija. Nikafikiri nimekosea tarehe. Nikapitia daftari lote, ukurasa kwa ukurasa. Siku nne sikumwambia mtu, nilikuwa naogopa wataniona mzembe. Usiku nilikuwa nawaota. Mwishowe nikamwambia Fundi Pamba, yeye akanishika mkono akanipeleka kwa profesa."

Profesa alisemaje?

"Alikaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa sakafuni pale pale."

Kwa nini mtaalamu wa kimataifa akae sakafuni kwa sababu ya nzi kumi na mmoja waliokataa kufa? Ili kuelewa, lazima turudi nyuma miaka mitano, kwenye ugunduzi uliomfanya ajulikane.

Mwaka huo, akiwa na wenzake, alitangaza kwamba kuna badiliko moja dogo kwenye vinasaba ambalo lilikuwa limeenea katika familia moja ya Wazee. Hilo halikumshangaza mtu. Kilichowashangaza ni kwamba badiliko lile lile kabisa lilikutwa pia kwenye familia namba tatu ya Vijana. Familia hizi hazikuwa zimekutana tangu kikapu kile cha matunda, na kikapuni badiliko hilo halikuwamo. Kwa hiyo, alisema, limezuka mara mbili, kila upande kivyake. Kwa Wazee linarefusha maisha. Kwa Vijana, walidhani, linamsaidia buu kuvumilia njaa. Maumbile yamepita njia moja mara mbili, bila kuelekezwa.

Watu wa fani yake walisimama wakampigia makofi. Alialikwa kuzungumza kwenye kumbi ambazo hakuwa na siku za kutosha za kwenda. Mwanafunzi wake aliacha kazi ya ualimu ili aje ajenge utafiti wake juu ya ugunduzi huo. Yuko mwaka wa nne sasa.

"Badiliko moja peke yake lingeongeza siku sita, saba, tena kwa bahati," profesa anaeleza. Anaongea akipanga na kupangua kalamu mezani. "Wale kumi na mmoja walikuwa na zaidi ya hapo. Walikuwa na mabadiliko mengi kwa pamoja. Na mengi hayazuki kwa mpigo. Mengi kwa mpigo yanabebwa."

Kubebwa na nani?

Anaonyesha ukutani. Juu ya meza ya kazi kuna kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkono, wino umepauka: NZI AKIANGUKA HARUDI.

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya chumba hiki, naye ndiye aliyeiandika. Nzi hulazwa kwa hewa maalumu ili wahesabiwe chini ya darubini, na mara nyingine mmoja hudondoka mezani. Hata kama umemwona kwa macho yako ametoka chupa ipi, harudi. Anauawa. Ndiyo maana kila kona kuna kikombe cha siki cha kuwanasa waliotoroka. Ndiyo maana Vijana hufunguliwa Ijumaa na Wazee Jumanne, wasikutane mezani. Jike mmoja aliyekwisha pandwa, akiingia chupa isiyo yake, ataleta mayai ya ukoo mwingine, na baada ya vizazi vichache huwezi tena kusema nani ni nani.

Ikiwa hilo lilitokea, badiliko halikuzuka mara mbili. Lilizuka mara moja, likahama. Ugunduzi wote ni nzi mmoja tu aliyekosea nyumba.

"Kuna nzi mmoja ninayemfikiria," anasema profesa. Mwandishi anasubiri. Kalamu zinaendelea kupangwa.

Njia ya kuujua ukweli ipo. Nzi aliyegandishwa hafufuki, lakini vinasaba vyake havipotei. Kila mwisho wa mwaka Pamba amekuwa akiweka mrija wa nzi mia wa kila familia kwenye friza ya nyuzi themanini chini ya sifuri. Mirija kumi na tisa ya familia namba tatu, mwaka kwa mwaka, ilipelekwa kwenye taasisi nyingine yenye mashine mpya inayosoma vinasaba kwa vipande virefu. Mashine ya miaka mitano iliyopita ilisoma vipande vifupi tu.

"Wanafunzi wawili wakipata jibu moja sahihi, sawa," anaeleza profesa. "Wote wamesoma. Lakini wakikosea makosa yale yale, mstari kwa mstari, kuna aliyechungulia. Sasa tutaona na majirani wa lile badiliko, yaani vinasaba vinavyolizunguka. Kama majirani ni tofauti, nimepona. Kama ni wale wale..."

Majibu yaliahidiwa leo, saa nne asubuhi.

Saa tatu na nusu. Profesa anapima joto tena. Anaosha glasi iliyokuwa safi. Mwanafunzi amekaa kwenye stuli, daftari limefungwa magotini, miguu inacheza. Pamba anaviringa vizibo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hana mzaha. Meza yake imejaa vizibo kuliko chupa zilizomo chumbani.

"Umekunywa chai?" profesa anamuuliza mwanafunzi.

"Haikupita, profesa."

"Hata mimi."

Saa nne na dakika sita kompyuta ya ofisini inalia. Ofisi ni chumba kidogo kinachotenganishwa na chumba cha nzi kwa milango miwili na wavu. Wote watatu wanaingia, mwandishi anabanwa kwenye kabati la vyeti. Profesa anakaa. Anaupeleka mshale wa kompyuta juu ya barua pepe, kisha anauondoa hadi pembeni mwa kioo.

"Fungua wewe," anamwambia mwanafunzi.

"Siwezi, profesa. Naogopa."

"Kaka Pamba?"

"Mimi sijui kusoma haya mambo, dada. Nikikufungulia nitakuwa nimekufungulia tu."

Anafungua mwenyewe. Kuna jedwali lenye safu kumi na tisa, moja kwa kila mwaka. Mwandishi hakuelewa zile herufi, lakini rangi hazihitaji elimu. Safu za miaka kumi na moja ya kwanza zilikuwa nyeupe. Kuanzia ya kumi na mbili, zote nyekundu. Chini yake kulikuwa na kipande kirefu cha majirani, familia namba tatu juu, Wazee chini. Vilifanana mwanzo hadi mwisho.

Hakuna aliyelia. Profesa alitoa miwani, akaiweka juu ya meza.

"Mwaka wa kumi na mbili," alisema mwanafunzi taratibu, akihesabu kwa vidole. "Miaka minane iliyopita. Nini kilitokea?"

Pamba aligeukia mlango wa chumba cha nzi.

"Joto," alisema Pamba.

Miaka minane iliyopita, fundi wa majengo alikuja mwisho wa wiki kurekebisha mashine ya kupasha joto, akaiacha kwenye alama ya juu kabisa, akaenda zake. Jumatatu asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi thelathini na sita. Nzi walikuwa wamelala chini ndani ya chupa kama majani ya chai. Profesa na Pamba wakabeba familia zote kumi, Vijana kwa Wazee, wakazipeleka ukumbini penye ubaridi, wakazipanga juu ya meza moja. Hapakuwa na muda wa sheria.

"Namba tatu ilikuwa imeangamia," anasimulia profesa. Sasa maneno yanamtoka bila kusukumwa. "Nilihesabu waliobaki hai. Arobaini na watatu. Nikahesabu tena kuhakikisha, nikapata arobaini na wawili. Nikatazama mezani, nikamwona jike mmoja amelala karibu na chupa, anachezesha mguu. Nikasema, ndiye huyu aliyepungua. Nilikuwa na hakika. Wallahi nilikuwa na hakika! Familia ya miaka kumi na moja, wamebaki arobaini na ushei, kila mmoja ni dhahabu. Nikamchukua kwa brashi, nikamrudisha."

"Ulihesabu vibaya mara ya kwanza," anasema mwanafunzi.

"Nilihesabu vibaya mara ya kwanza. Walikuwa arobaini na wawili."

"Na ulijua."

"Sikujua. Nilishuku. Jioni ile ile, nikiwa naoga, nikashtuka: chupa ya Wazee ilikuwa upande wa kushoto wa meza, upande ule ule alikolala yule jike. Nikajiambia, mwanamke, acha wazimu, nzi mmoja. Siku zikapita. Tulipokuta lile badiliko kwenye namba tatu, furaha ilinijaa, lakini nikamkumbuka yule nzi. Nikasema nitapima majirani. Mashine haikuweza. Nikasema basi, nikipata mashine nzuri. Ilipokuja mashine nzuri, nikasema mwakani. Miaka minane nikisikia mlango unagongwa, nafikiri ni yule nzi."

Pamba anakohoa. Ameshika kizibo kimoja, anakifinyafinya.

"Mimi niliona," anasema. "Nilikuwa nimeshika taa. Nilikuona ukimwokota."

Profesa anageuka. "Uliona? Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani una hakika, dada. Mtu aliyeandika sheria akiivunja, mimi nani? Halafu siku zikienda, kusema kunazidi kuwa kugumu. Tukaanza kupigiwa makofi. Ningesema saa ngapi?"

Kwa hiyo watu wawili walifanya kazi meza moja kwa miaka minane, kila mmoja akimficha mwenzake jambo ambalo wote walikuwa wanalijua. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Hapa waliowaumbua walikuwa nzi kumi na mmoja, na mama mmoja mwenye daftari la mistari.

Mama huyo ndiye aliyekuwa amesimama sasa. Sauti yake haikupanda, na hilo lilitisha zaidi.

"Mimi siku nne sikulala, profesa. Nikajiona mjinga, nikajiona mzembe. Nimemwacha mtoto na homa kwa dada yangu ili nije kuhesabu nzi wako. Miaka minne nimeandika juu ya kitu ambacho hakipo, na wewe ulikuwa unakishuku."

"Ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Sina lingine la kusema, mdogo wangu. Ndiyo."

Mwanafunzi alitoka. Milango miwili ilifunguka na kufungwa. Pamba alitaka kumfuata, profesa akamshika koti. "Mwache. Ana haki."

Mwandishi alimuuliza profesa, kwa aibu kidogo, kama angependa haya yasiandikwe. Habari nyepesi ya mhariri ilikuwa imeshakufa, lakini bado palikuwa na njia ya kuandika kuhusu joto, hamira na vikombe vya siki, na kuyaacha mengine. Profesa alivaa tena miwani yake.

"Naogopa utayaandika," alisema. "Na naogopa zaidi usipoyaandika, kesho nitapata sababu nyingine. Najijua. Andika."

Kisha alivuta kibodi akaanza barua kwa jarida lililochapisha ugunduzi wake, kuomba makala ile ifutwe. Kwa mtafiti, hakuna barua nzito kuliko hiyo. Makala haitoweki, inabaki pale pale ilipochapishwa, na juu yake panagongwa neno kwamba isiaminiwe, pamoja na jina lako, maisha yako yote na baada ya hapo. Aliandika, akafuta, akaandika. Kabla ya kumaliza alimpigia simu mama yake. Tulisikia sauti ya bibi kutoka upande wa pili, kali na ya karibu.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," bibi alisema. "Kwa hiyo sikupi pole. Utakula mchana?"

"Sijui, mama."

"Hukuulizwa kama unajua. Njoo ule."

Mwanafunzi alirudi saa sita kasoro. Alikuwa amenawa uso, nywele za mbele bado zimelowa. Hakukaa. Alisoma barua kwenye kioo akiwa nyuma ya kiti cha profesa, midomo ikitembea.

"Hapa umeandika 'kutokana na kosa la maabara'."

"Ndivyo huandikwa."

"Maabara haina mkono, profesa. Wakisoma hivyo watadhani ni mimi. Au yeye." Alimwonyesha Pamba kwa kidevu.

Profesa alibaki na vidole hewani. Ilikuwa dhahiri kwamba hofu ilikuwa bado inatafuta mlango wa kutokea, na huu ulikuwa wa mwisho. Halafu alifuta mstari ule, herufi moja moja, akaandika mwingine: kwamba tarehe fulani yeye mwenyewe, akivunja utaratibu aliouweka, alimrudisha nzi aliyeanguka, kwamba alishuku siku ile ile, kwamba hakusema. Akaisoma kwa sauti.

Akatuma saa sita na dakika kumi na moja.

"Sasa?" mwandishi aliuliza.

"Sasa naogopa kama kawaida," alisema. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Nitaitwa kwenye kamati. Huenda nikanyang'anywa chumba. Kuna watu waliojenga kazi zao juu ya yangu, lazima niwaandikie mmoja mmoja, na najua baadhi yao hawatanijibu. Familia tisa ni safi, hizo zina haki ya kuendelea hata kama si mikononi mwangu. Namba tatu..." Hakumalizia.

"Namba tatu usiitupe," alisema mwanafunzi.

Wote tukamtazama.

"Nimekaa pale nje nimelia, nikachoka kulia, nikaanza kufikiri. Watu wanatafuta mahali ambapo damu ngeni iliingia kwenye ukoo, wajue nini kilibaki na nini kilipotea. Siku zote wanakisia lini na kwa wingi gani. Sisi tunajua siku. Tunajua alikuwa mmoja. Tunajua mkono." Alifungua daftari, na kwenye ukurasa mpya tayari kulikuwa na mistari ya rula. "Tuna mrija wa kila mwaka tangu aingie. Nipe namba tatu. Nitaanza upya. Mume wangu nitamweleza, sijui vipi."

"Na usimamiwe na nani?" profesa aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu. "Una haki ya kutafuta mtu mwingine. Nitakuandikia barua nzuri."

"Sijaamua," alisema mwanafunzi. "Bado nimekukasirikia."

"Sawa."

"Sijui nitakukasirikia mpaka lini."

"Sawa, mdogo wangu."

Waliishia hapo. Mwanafunzi alikwenda kwenye friza kuorodhesha mirija, Pamba akamfuata na glavu. Profesa aliokota mkoba wake. Mama yake alikuwa anangoja na chakula. Akiwa mlangoni, mwandishi alimuuliza swali ambalo habari za namna hii humuuliza kila mtu: anatarajia nini mbele? Mwandishi alidhani atataja kamati, au jina lake kusafishwa, au kustaafu.

"Nataka abaki," alisema profesa, akimtazama mwanafunzi kwa mbali, ambaye alikuwa anahesabu mirija kwa sauti na hakumsikia. "Ninatarajia hilo tu. Na akibaki, nataka siku akiona kitu kibaya anigongee saa ile ile. Asingoje siku nne. Hata kama aliyekosea ni mimi. Hasa kama ni mimi."